Mizani, Mapesa na Vijisenti: Fedha za Umma katika Kauli za Wawakilishi wa Nchi ya Bariadi

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi mambo matatu, yaani usimamizi wa benki, upatikanaji wa nyumba, na matumizi ya serikali, yalivyoshughulikiwa na baadhi ya watu waliosema kwa ajili ya nchi ya Bariadi na jirani zake katika mabaraza ya kutunga sheria, tangu miaka ya 1950 hata siku zetu hizi. Mambo hayo aghalabu huandikwa mbalimbali. Ya benki huachiwa wanauchumi, ya nyumba huachiwa wajenzi na wapima viwanja, na ya matumizi ya serikali huachiwa wakaguzi wa hesabu. Walakini katika nchi ya pamba mambo hayo hayatengeki, na mwakilishi aliyejaribu kuyatenga alikumbushwa na wapiga kura wake kwamba ni jambo moja.

Njia nitakayoifuata ni ya maneno. Kila kizazi cha wawakilishi hao kimeacha katika Kiswahili neno moja la fedha linalokumbukwa pamoja na wakati wake. La kwanza ni mizani, la pili ni mapesa, la tatu ni vijisenti. Si maneno mapya, na hakuna aliyeyabuni. Lakini kila moja lilipata katika mambo ya umma maana ambayo hapo kwanza halikuwa nayo, na maana hiyo yatueleza habari za watu kuliko zinavyoweza kueleza hesabu peke yake.

NCHI NA ZAO LAKE

Bariadi imo katika nchi ya Ntuzu, upande wa mashariki wa Usukuma. Wakati wa Waingereza Ntuzu, Itilima na tawala nyingine za watemi wa upande huo zilikuwa katika Wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa. Baada ya uhuru nchi hiyo ikawa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, mpaka mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Mkoa una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na jina lake ni la mto Simiyu, umwagao maji yake katika Ziwa Victoria. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata watu 1,584,157, na ile ya mwaka 2022 watu 2,140,497.

Ng'ombe na nafaka ni mali na chakula, lakini fedha taslimu ya mkulima ilitoka, na kwa kiasi kikubwa hata sasa yatoka, katika pamba. Pamba huvunwa mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo fedha huja mara moja, na katika hiyo mkulima hutoa kodi na michango, hulipa deni la dirisha la duka, humnunulia mtoto sare ya shule, na kikibaki kitu hununua ng'ombe au mabati. Nyumba yake haijengwi kwa mkopo bali kwa misimu. Msimu huu hufyatuliwa matofali, msimu ujao huinuliwa kuta, na paa la nyasi hungoja mwaka wa bei nzuri ndipo lipate bati. Basi bei ikianguka, au malipo yakichelewa, au aliyekabidhiwa fedha akizipoteza, hasara huonekana juu ya nyumba. Hayo tukiyashika tutafahamu kwa nini mtu wa Bariadi asikiapo habari za benki na za bajeti huuliza kwanza: fedha yangu iko mikononi mwa nani, na nani aliyeipima?

MIZANI

Kabla ya ushirika kuenea, pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanya biashara, wengi wao Wahindi, waliokuwa na vinu vya kuchambulia au waliowanunulia wenye vinu. Manung'uniko makubwa ya wakulima yalikuwa juu ya mizani. Asiyejua kusoma namba alitajiwa ratili pungufu, naye hakuwa na shahidi. Dawa ya kwanza iliyotafutwa haikuwa sheria wala mgomo. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, waliolipwa na wao, ili pamba ipimwe na mtu wao kabla haijafika kwa mnunuzi. Katika wapimaji hao ndimo ulimochipuka ushirika wa pamba.

Mtu aliyeutia ushirika huo umbo ni Bwana Paul Bomani (1925–2005), mwana wa mchungaji wa Kiadventista, aliyezaliwa Ikizu. Mwaka 1952 aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa. Na mwaka 1955 likaandikishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana zaidi kwa herufi zake V.F.C.U. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1950 ushirika ulikuwa umeshika ununuzi wa pamba yote ya jimbo, nao ukahesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya Waafrika katika bara hili.

Bwana Bomani hakuwa mbunge wa Bariadi, kiti chake kilikuwa Mwanza. Lakini wakulima wa Ntuzu na Itilima walikuwa katika ushirika wake, na katika Baraza la Kutunga Sheria, alimoingia katikati ya miaka ya 1950, hapakuwa na mtu aliyejua zaidi habari za mizani yao. Serikali ya kujitawala ilimfanya Waziri wa Kilimo mwaka 1960, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Tukitazama yaliyofanyika wakati wake tutaona mambo yetu matatu yote. Benki zilizokuwapo zilikuwa za kigeni, nazo zilitoa mikopo ya msimu wa mazao kwa masharti yao. Mwaka 1962 ikaanzishwa benki ya ushirika ili vyama viwe na mkopeshaji wao. Mwaka huo huo sheria ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1964 ukaanza Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano. Mwezi wa Juni 1965 serikali tatu za Afrika Mashariki zilitangaza kwamba kila moja itakuwa na benki kuu na sarafu yake. Na Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango tarehe 14 Juni 1966.

Walakini katika uchaguzi wa mwaka 1965 Waziri huyo wa Fedha alishindwa katika jimbo lake la Mwanza. Rais Nyerere alimrudisha Bungeni kwa uteuzi, na Wizara ya Fedha ikapewa Bwana Amir Jamal. Sababu za kushindwa kwake hazikuwa moja. Lakini manung'uniko ya wakulima juu ya makato katika bei ya pamba na juu ya mwenendo wa ushirika yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalum ya kuuchunguza ushirika wote wa nchi. Katika manung'uniko yaliyosikiwa, mizani ilikuwamo tena. Safari hii haikuwa mizani ya mgeni. Mpimaji aliyewekwa na wakulima alikuwa amegeuka mwenye duka, na wao hawakuwa wameweka wa kumpima yeye.

Hilo ndilo fundisho la kwanza. Mizani, katika kauli ya Usukuma ya wakati ule, haikuwa chombo cha chuma tu. Ilikuwa haki ya kuona kwa macho yako kile unachoambiwa ni chako.

BENKI YA UMMA NA NYUMBA YA UMMA

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 benki za kigeni zilitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikashika karibu kazi yote ya benki. Mwaka 1973 ilianza kazi Benki ya Nyumba Tanzania, na katika miaka hiyo ya 1970 ukaundwa mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima. Nia ilikuwa njema: bati la mkulima lisingoje tena mwaka wa bei nzuri. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi yao ikatiwa katika mamlaka za mazao. Kisha sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha ushirika.

Kosa halikuwa katika nia bali katika mizani. Benki ya umma ilikopesha mashirika ya umma, na shirika liliposhindwa kulipa hapakuwa na mtu wa nje wa kusema kwamba deni halilipiki. Tume iliyoongozwa na Bwana Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, iliyatazama hayo, na matokeo yake yalikuwa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991, iliyoruhusu benki za watu binafsi na kuitwika Benki Kuu kazi ya kuzisimamia. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba ikafungwa. Mwaka huo huo benki ya binafsi, Meridien BIAO, ikaanguka na kutwaliwa. Basi katika mwaka mmoja wananchi waliona kwamba benki ya serikali yaweza kufa, na ya tajiri pia yaweza kufa. Mwaka huo ndio uliokuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi.

MAPESA

Katika uchaguzi huo mmoja wa wagombea urais wanne alikuwa mwana wa Bariadi, Bwana John Momose Cheyo, mwenyekiti wa chama cha U.D.P. Aliahidi kwamba chini ya utawala wake wananchi watajazwa mapesa, na tangu siku hizo akapewa lakabu ya Bwana Mapesa. Mwaka 1995 alipata kiasi cha asilimia 4 ya kura za nchi nzima, na mwaka 2000 asilimia 4.2. Nguvu yake ilikuwa nyumbani.

Neno pesa lilitujia kutoka Bara Hindi, na Wadachi walipotawala walipiga sarafu zilizoitwa pesa, 64 kwa rupia moja, kabla ya kuleta heller mwaka 1904, ambayo ndiyo hela yetu. Pesa ni jina la ngeli ya N. Mtu alitiapo kiambishi ma- hakusudii wingi wa kawaida, maana wingi wa pesa ni pesa. Akusudia wingi uliopita kiasi, fedha zilizotapakaa. Kwa hiyo mapesa hubeba mzaha kidogo ndani yake. Wakazi wa mijini walilicheka neno hilo, wakadhani mgombea huyo aahidi kugawa noti. Nadhani kicheko hicho hakikuona jambo moja. Nchi ambayo fedha huja mara moja kwa mwaka, ikapita kwa kipimo cha mwingine, na ambayo ilikuwa imetoka kuona Benki ya Nyumba ikifungwa, haikusikia katika neno hilo mzaha peke yake. Ilisikia pia dai: kwamba fedha ya taifa ipo, nasi hatuioni.

Dai hilo lilipata kazi ya halisi baada ya mwaka 2005, Bwana Cheyo alipoingia Bungeni kwa kiti cha Bariadi Mashariki, naye akashika uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, kamati ambayo kwa desturi ya Bunge huongozwa na mtu wa upinzani. Aliyeahidi mapesa sasa aliwauliza makatibu wakuu wa wizara stakabadhi. Katika miaka hiyo ulifanywa ukaguzi wa akaunti ya malipo ya madeni ya nje katika Benki Kuu yenyewe. Taarifa yake ya Januari 2008 ilionyesha kwamba shilingi bilioni 133 zililipwa kwa makampuni 22 isivyo halali, na Rais akatengua uteuzi wa Gavana. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Ukaguzi wa Umma, iliyompa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nguvu zaidi. Sisemi kwamba hayo yalikuwa kazi ya mtu mmoja. Nasema kwamba msimamizi wa benki zote alionekana kuwa naye yampasa kusimamiwa, na kwamba kazi hiyo ya Bunge, wakati ule, ilikuwa chini ya uenyekiti wa mtu wa nchi ya mizani.

VIJISENTI

Jirani yake katika kiti cha Bariadi Magharibi tangu mwaka 2005 alikuwa Bwana Andrew Chenge wa C.C.M., ambaye nyumbani huitwa Mtemi. Kabla ya hapo alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1993 hata 2005, na ofisi hiyo ndiyo inayoandika miswada ya serikali. Katika miaka hiyo zilipita Sheria ya Benki Kuu ya 1995, Sheria za Ardhi za 1999, Sheria ya Fedha za Umma ya 2001, na marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2004 yaliyotengeneza habari za rehani. Hivyo, kwa kadiri nyumba na kiwanja viwezavyo leo kuwekwa rehani benki, njia ilisafishwa wakati huo. Na baadaye, mwaka 2008, ikafuata sheria maalum ya mikopo ya nyumba.

Mwezi wa Aprili 2008 gazeti la Uingereza lilitangaza kwamba wachunguzi wa huko wamekuta zaidi ya dola milioni moja katika akaunti yake kisiwani Jersey. Bwana Chenge, aliyekuwa Waziri wa Miundombinu, alikana kufanya kosa. Na alipoulizwa juu ya fedha hizo aliziita vijisenti. Baada ya siku chache alijiuzulu uwaziri. Hakushtakiwa kwa ajili ya fedha hizo.

Kwa mwanafunzi wa lugha jambo hili lina mafunzo. Vijisenti si neno la dharau kwa asili. Mama muuza mboga akisema ana vijisenti vyake asema kwa adabu, maana kujivunia mali si uungwana. Kiambishi kiji-/viji- hupunguza kitu ili mwenyewe asionekane mkubwa. Kwa kanuni ya unyenyekevu, basi, neno lilitumiwa sawasawa. Lakini adabu ya kupunguza hufaa palipo na uwiano kati ya kitu na jina lake. Msikiaji aliyejua bei ya bati alipima dola milioni moja kwa neno lile, akaona kwamba mizani imeinama. Tangu siku hiyo vijisenti lina maana ya pili katika Kiswahili cha Tanzania: fedha nyingi zinazotajwa kwa udogo na mtu ambaye kwake ni ndogo. Mama muuza mboga akilitumia leo, wasikiaji hutabasamu. Hivyo neno la adabu limepotewa na sehemu ya adabu yake.

Mwaka 2013 Bunge liliunda Kamati ya Bajeti, na Bwana Chenge akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo taratibu za bajeti zikabadilishwa, hata makadirio ya mapato na matumizi yakapitishwa kabla ya tarehe 1 Julai, ilhali zamani mjadala uliendelea mpaka Agosti, mwaka wa fedha ukiwa umekwisha kuanza. Hilo lilikuwa badiliko la faida: Bunge lisiidhinishe matumizi ambayo tayari yanaendelea. Mwezi wa Novemba 2014, katika shauri la akaunti ya Escrow, ilielezwa Bungeni kwamba alipokea shilingi bilioni 1.6, naye alisema ni malipo ya kazi ya uanasheria. Bunge liliazimia aondolewe katika uenyekiti wa kamati, naye akaacha kiti hicho Januari 2015. Wapiga kura wa Bariadi walimrudisha Bungeni mwaka 2010 na 2015, na huko alikuwa mmoja wa wenyeviti wa vikao mpaka 2020.

Wako wanaoshangaa kwamba nchi moja ilimchagua Bwana Mapesa kukagua hesabu na Mtemi wa vijisenti kuandaa bajeti. Kwangu mimi si ajabu. Nchi iliyoachwa nyuma humtafuta mtu anayejua milango ya hazina, awe mlinzi wake au mwenyeji wake. Na kutofautisha hao wawili ni kazi ngumu pasipo mizani.

LUGHA YA SHERIA

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wenye kushughulika na lugha. Rais Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili tarehe 10 Desemba 1962, na tangu hapo mijadala ikazidi kuwa ya Kiswahili. Lakini miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza mpaka marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili lugha ya sheria. Kwa muda wa karibu miaka 60 mbunge wa Bariadi alijadili kwa lugha ya watu wake waraka ambao watu wake hawakuweza kuusoma. Sheria ya benki ilikuwa mizani iliyogeuziwa uso ukutani.

Matokeo yake si ya nadharia. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo, mojawapo ikiwa benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Mwenye akiba alipaswa kulipwa na bima ya amana kisichozidi shilingi 1,500,000, na kilichozidi hapo akingoje ufilisi. Ni wangapi waliokuwa wamesikia, kwa lugha wanayoifahamu, kwamba amana ina kikomo? Msimu wa mwaka 2019 bei ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, na wakulima wengi wa Simiyu waliokwisha kupimiwa pamba yao walikaa miezi bila kulipwa. Na mikopo ya nyumba, ambayo sheria imeifungulia mlango, riba yake katika miaka hiyo ilikuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Aliye na mshahara mjini aweza kujaribu. Mwenye fedha ya mara moja kwa mwaka angali anajenga kwa misimu, kama alivyojenga baba yake.

HITIMISHO

Kutokana na maelezo haya yaonekana kwamba mwakilishi wa nchi hii aliyefaulu hakuwa yule aliyeahidi fedha nyingi, wala yule aliyezijua sana njia za hazina. Alifaulu kwa muda ule tu alipomwezesha mkulima kupima: Bwana Bomani kwa wapimaji na ushirika wake, kabla ushirika haujakosa wa kuupima, Bwana Cheyo katika Kamati ya Hesabu, na Bwana Chenge mwenyewe, katika kuleta bajeti mbele ya Bunge kabla ya fedha kutumika. Kila mmoja alipopoteza imani ya baadhi ya watu, ilikuwa mahali ambapo fedha haikuonekana.

Kiswahili kina neno moja linaloyakusanya haya. Fedha iliyowekwa benki twaiita amana, na kitu chochote alichokabidhiwa mtu kwa uaminifu ni amana pia. Kiingereza cha mabenki chatumia maneno mawili mahali ambapo sisi twatosheka na moja. Ingekuwa vema basi watungao kamusi wasiyaache mizani, mapesa na vijisenti bila kutaja maana hizi zilizozaliwa katika siasa, na wale wanaofasiri sheria za fedha kwa Kiswahili waliangalie neno amana lisipunguzwe likawa hesabu tupu. Mkulima wa Ntuzu akilisoma katika sheria atalichukua kwa maana yake yote, naye atakuwa na haki.